Zamu ya Mughira

Inasimuliwa, enyi ndugu katika imani, kwamba hapo kale, katika pwani moja ya nchi za Waarabu, palikuwa na ghuba ndogo ya mchanga iliyofichwa na majabali pande mbili, hata nje kukivuma namna gani, ndani maji yalitulia. Maji yakijaa, samaki waliingia humo, na watu wa pale waliwavua kutoka ufukweni kwa kimia, ule wavu wa kurusha kwa mkono. Lakini ghuba yenyewe ilikuwa finyu. Wakirusha watu wawili, samaki walishtuka wakarudi baharini, na kila mtu akaenda kwake na wavu mtupu na maneno mengi. Ndipo wakapatana kuvua kwa zamu: mtu mmoja husimama juu ya jabali, na wenziwe hukaa mchangani wakanyamaza. Zamu ya mtu, walisema, haiishi mpaka kimia chake kiguse maji. Aliyesafiri kabla ya kurusha, zamu yake humngoja, au mwenzake humrushia kwa jina lake.

Miongoni mwao alikuwamo mja mwema aitwaye Nuaim, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkewe, Bibi Lubaba, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mwaka huo bahari ilikuwa imefumba mkono. Chakula kilipoadimika, maziwa ya mama yakaanza kupungua, na mtoto akawa analia kile kilio chembamba kinachomkata mzazi maini. Nuaim akawa anakwenda nyuma ya majabali kukwangua kome walioganda mawe, kazi ambayo wavuvi waliwaachia mafukara wasio na nyavu. Alikuwa akijificha kwa haya, maana umasikini humwuma mtu zaidi akitazamwa.

Alasiri moja akiwa huko, alimwona jirani yake Mughira amepanda jabalini na kimia begani, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Kabla hajarusha, mjumbe akaja mbio kumpasha habari kwamba mama yake, aliyekaa milimani, yu mahututi. Mughira akasimama kidogo, akakunja kimia, akashuka, na saa ile ile akaondoka na mkewe. Wavuvi wengine walipofika hawakumkuta, wakadhani amerusha akakosa. Kwa jinsi bahari ilivyokuwa na choyo siku zile, hakuna aliyeona ajabu.

Kesho yake wakasema zamu ni ya Nuaim. Na siku hiyo, kwa hekima aijuayo Mola peke yake, mikizi wakaingia ghubani, kundi kubwa ambalo wavuvi walikuwa wamesahau hata kuliota. Watu mchangani wakashikana mikono wasije wakapiga kelele.

Nuaim akapanda jabalini. Nafsi ya binadamu ni wakili hodari, haikosi hoja. Ikamwambia kwamba Mughira yuko mbali, kwamba hapana aliyeona ila yeye, kwamba huenda Mughira angerusha jana angekosa vilevile, na kwamba mtoto nyumbani hajui zamu ya nani. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyomtikisa. Alisimama na kimia mkononi hata wenziwe wakaanza kumkodolea macho. Kisha akawageukia.

"Jamani, zamu hii si yangu," alisema. "Mughira jana hakurusha, nilimwona kwa macho yangu. Shuhudieni kwamba namrushia yeye."

Palikuwa na mvuvi mmoja mwenye ulimi mwepesi, jina lake Kinana. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Nuaim, mikizi hawaulizi jina la mtu."

"Kweli, hawaulizi," alijibu Nuaim. "Nitakayeulizwa ni mimi."

Akarusha, na kimia kikapanda kizito hata wakasaidiana kukivuta. Kinana akamshauri achukue angalau ujira wa kurusha. Nuaim akasema ujira hupatanwa na mwenyewe kabla ya kazi, haukatwi na mtu akiwa peke yake na tenga la mwenziwe. Akajitwika samaki akaenda zake.

Bibi Lubaba alipomwona anakuja na tenga limejaa, aliinuka akitabasamu, akaanza kuchochea moto. Kisha akautazama uso wa mumewe.

"Ni wetu?" aliuliza.

"Si wetu. Ni amana ya Mughira."

Lubaba akakaa kitako. Nisiwadanganye, ndugu zangu: alilia. Waja wema nao wana matumbo, na subira haimaanishi kwamba mtu haumii. Alipokwisha kulia alifuta uso, akaleta chumvi, na wote wawili wakawapasua wale mikizi, wakawatia chumvi na kuwaanika chini ya upenu wawe ng'onda. Siku ile walikula kome.

Zamu ya Nuaim mwenyewe ilipofika, akarusha akapata mwani na kaa mmoja. Alisema alhamdulillahi, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Siku zikapita. Paka wa mtaa mzima walihamia kwake, na mtu wa watu akawa anawafukuza kutwa kwenye kitoweo ambacho yeye mwenyewe hakukionja. Ndipo Kinana alipokuja mlangoni na bakuli la maziwa ya mbuzi kwa ajili ya Lubaba. Nuaim akataka kumshukuru, Kinana akamkatiza.

"Usinishukuru. Ningekuwa mimi, ningewala wale mikizi. Tangu siku ile sina raha."

Naye akawa analeta maziwa kila asubuhi, na kilio cha mtoto kikapungua.

Hatimaye Mughira akarejea, akiwa amemzika mama yake. Nuaim akaenda kumpa pole, kisha akamleta kwake, akamwonyesha ng'onda na kumweleza yote. Kinana naye alikuwapo. Mughira akawatazama wale samaki, akamtazama Nuaim na mashavu yake yaliyobonyea, na machozi yakamtoka.

"Ndugu yangu," alisema, "siku ile juu ya jabali nilikuona. Niliona unajificha, nikaona haya kukuita. Nikanuia, na Mola wangu ni shahidi, kwamba zamu ile nimekupa wewe. Nikamwagiza mke wangu apite kwenu awaambie. Kwa haraka na huzuni akasahau, wala hakukumbuka mpaka tulipokuwa njiani kurudi. Samaki hawa ni wenu tangu hawajaingia ghubani."

Bibi Lubaba, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akacheka na kulia kwa pamoja. Kinana akapiga kofi pajani.

"Basi mlijinyima bure!" alisema.

Nuaim alikuwa ameinamisha kichwa, anatetemeka kama mtu aliyevutwa kutoka ukingoni mwa kisima.

"Si bure," alisema. "Ningewala siku ile, ningekula changu kwa mkono wa mwizi."

Lubaba akaingia jikoni kuchochea moto, na mchana ule wakala wote pamoja, Mughira na mkewe, na Kinana akiwa wa kwanza kunawa. Haukupita muda maziwa yakamrejea mama, na mtoto akanenepa hata akawa mzito kubebwa.

Zingatieni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Samaki walikuwa wale wale, na chungu kile kile. Riziki ya Nuaim ilikwisha kuandikwa, wala hapana ambaye angeila badala yake. Alichoachiwa achague ni kimoja tu: imkute ni mwizi, au imkute ni mwaminifu. Nasi pia, tulichoandikiwa kiko njiani kinakuja. Mola atujaalie kitukute tukiwa watu wa kukipokea bila aibu.