Kindi na Alasiri ya Mwisho ya Bendi ya Kishindo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kuanika nguo kambani, palikuwa na bendi moja ya dansi ikiitwa Kishindo. Wanangu, sifa zake msiniulize! Ikipiga bondeni, kule mlimani akina mama wanaacha ugali jikoni unaungua.

Mwimbaji alikuwa Kiboko, mwenye sauti nzito inayotetemesha vikombe kabatini. Gitaa lilikuwa la Nyati. Ngoma alipiga Kifaru, asiyeona mbali lakini mwenye mkono usiokosea. Na mdogo wao wote, aliyetikisa kayamba pale nyuma, chaka-chaka-chaka, alikuwa Kindi.

Kindi alikuwa na ulimi mwepesi. Siku moja, kwa kutaka kucheka tu, alimwendea Kiboko.

"Kaka, Nyati anasema ukiimba ni kama pipa linaburutwa kwenye changarawe."

Halafu mbio, pru! mpaka kwa Nyati.

"Kaka, Kiboko anasema unapiga gitaa kama mtu anayechambua mchicha."

Akajificha nyuma ya jiwe, akaziba mdomo: kwi, kwi, kwi! Alidhani wataulizana, watagundua, watacheka wote.

Hawakuulizana. Walinuniana! Kindi akaona ni masihara tu. Mwezi wa kwanza hakuna salamu. Mwezi wa pili wake zao hawaazimani hata kinu. Ulipofika wa saba, wanasimama jukwaa moja, bega kwa bega, na wanasemeshana kupitia kwa Kindi.

"Kindi, mwambie huyo mwenye pembe apunguze mbio."

"Kaka Nyati, anasema upun..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Mwambie huyo mwenye tumbo aombe kwa adabu."

Mara ngapi Kindi alitaka kusema, "Kaka zangu, ni mimi niliyewachonganisha"! Kila akifungua mdomo, anaogopa. Anajiambia, kesho. Nami nakiri mbele yenu wanangu, na Mungu ananisikia: kesho hiyo niliwahi kuitumia mimi pia, na ilinipotezea ndugu. Haya, tuendelee.

Kiangazi kikaingia. Mto ukakauka, ukabaki ufa wa tope. Kisima chenye maji kilikuwa kimoja tu, uani kwa Bi Tembo, na Bi Tembo alikuwa mpenda dansi kupita kiasi.

"Kishindo wanipigie alasiri tatu za mavuno," akasema. "Wakizimaliza zote tatu, nyumba zao nne zitachota hapa mpaka mvua inyeshe. Wakipiga mbili, kila mtu na kiu yake."

Sasa, bendi ile ilikuwa na desturi. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale gitaa linapotakiwa kulia peke yake, mwimbaji humwita mpigaji kwa jina. Asipoitwa, haingii. Ndiyo heshima yake.

Alasiri ya kwanza, wimbo ukafika kwenye chemko. Kiboko kimya. Nyati kakunja uso, gitaa kifuani, anangoja jina. Kifaru anapiga, du! du! du! Kindi anatikisa kayamba mpaka mabega yanawaka. Du! du! du! Wachezaji wakachoka, wakakaa chini, wakatazamana.

"Jamani, hawa wamepatwa na nini?"

Alasiri ya pili ilikuwa balaa tupu. Safari hii Kiboko aliita, lakini kwa neno alilosikia majirani wakisema linamchoma Nyati. Alijaza mapafu, akanguruma mbele ya watoto na wazee:

"Njoo, mchambua mchicha!"

Haaa! Umati wote ulishika midomo. Nyati akavua gitaa, akalibwaga chini, kwaaang!

"Mchambua mchicha mimi? Wewe mama yako alikufa kwa aibu ya kukuzaa!"

"Na wewe, mto ukijaa, ndama wako nikiwakuta nitawazamisha mmoja mmoja!"

Wakavamiana. Jukwaa likalia krrrr, likapasuka, krakaaa! Mwimbaji, gitaa, ngoma na Kifaru wake, wote chini. Kindi alining'inia kwenye nguzo, mkia umemsimama wima, macho yamemtoka. Zile kauli za mama na za ndama hakuzisema yeye. Zimetoka wapi? Nani aliwafundisha?

Bi Tembo alikuwa kaziba uso kwa masikio yake. "Subhanallah! Umri wote huu, sijaona watu wazima wakipigana pembe na meno mbele ya watoto! Ya leo naihesabu kwa huruma tu, ila ya mwisho lazima wimbo uishe. Imebaki moja."

Kiboko akafuta vumbi. "Hamnioni tena hapa."

"Wala mimi," akasema Nyati.

Kindi alirudi kwake amenywea. Akamkuta mkewe ameinamisha mtungi mkavu, na watoto watatu wanapokezana kuulamba ukingo wake.

"Baba watoto, mmemaliza zile alasiri?"

"Imebaki moja."

"Basi imalizeni. Huyu mdogo leo hajalia. Hana machozi."

Kindi hakuketi hata kidogo. Akatoka vile vile, mpaka kwa Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu. Kama umetumwa na yule, rudi."

"Sijatumwa, kaka. Yule kaacha bendi! Nimeshapata mpigaji mwingine. Mwanamke."

"Mwanamke? Anapiga vizuri?"

"Utalia, kaka. Ila ni mjane, yumo edani. Haifai kuonwa na wanaume. Tutamzungushia mikeka jukwaani, nawe usichungulie."

Kiboko alimkazia macho. "Mjane wa eda anakwenda kupiga dansi?"

"Ana watoto wanne, kaka, na mtungi mkavu. Wewe ungekaa ndani?"

"Astaghfirullah. Maskini. Mwambie sitachungulia."

Pru! mpaka kwa Nyati.

"Kaka, Kiboko kaacha bendi! Nimepata mwimbaji mwingine. Ustadhi wa chuoni."

"Ustadhi? Anaimba dansi?"

"Shhh! Ndiyo maana ataimba nyuma ya mikeka. Akionwa na wazazi wa wanafunzi, kazi hana. Usimwite, usimsemeshe, usimchungulie."

Nyati akacheka hadi akakohoa. "Loo! Dunia hii! Haya, siri yake ninayo."

Kifaru hakudanganywa, maana haoni mbali. Kindi alimwambia saa ya kufika tu.

Siku ikafika. Jukwaa lilikuwa limeungwa upya, lina vibanda viwili vya mikeka, Kifaru katikati. Kindi alimwingiza Kiboko kwa mlango wa kulia, akazunguka mbio, akamwingiza Nyati kwa wa kushoto. Jasho linamtoka, sala haimwishi mdomoni. "Ya Rabi, nimekosa, lakini wanangu wana kiu." Bi Tembo amekaa mbele, mkonga magotini, haamini anachokiona.

Du! Kifaru akaanza.

Wanangu! Sijui niwaambieje. Hawakuwahi kupiga hivyo, hata walipokuwa wanapendana. Kiboko anaimba taratibu, kwa kumhurumia mjane. Nyati anapiga kwa unyenyekevu, asimfunike ustadhi. Umati uliinuka wote. Twiga alilia, na machozi yake yalichukua muda kufika chini. Kindi mwenyewe alisahau uongo wake, akatikisa kayamba amefumba macho.

Ikafika chemko.

Kiboko naye alikuwa amefumba macho. Miaka kumi na mmoja mdomo wake ulikuwa umezoea jina moja tu pale, na jina likatoka kabla hajalizuia:

"Nyatiiii! Lia, ndugu yangu, liaaa!"

Na gitaa likajibu! Mikono ya Nyati ilijibu kabla ya akili yake. Likalia, likalia, halafu ghafla, tik. Kimya.

"Ustadhi kanijuaje jina?" Nyati akanong'ona. Kisha akaikumbuka ile sauti.

Chaaa! Pembe zikapasua mkeka.

Kiboko akageuka. "La ilaha! Mjane ana pembe!"

"Mjane nani? Ustadhi gani huyu mwenye tumbo?"

Wakabaki wanatazamana, midomo wazi. Kisha wote wawili, polepole, wakamgeukia Kindi.

Kifaru akauliza, "Kwani hamkujua? Mimi nimewasikia tangu ubeti wa kwanza. Nikasema, alhamdulillahi, wamepatana."

Kindi aliweka kayamba chini. Safari hii hakusema kesho.

"Kaka zangu, si mikeka tu. Ni tangu mwanzo. Pipa na changarawe, mchicha, hakuna aliyesema. Nilitunga mimi. Nilitaka kucheka."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga! Kiboko alikaa chini kwa kishindo, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba sijamwamkia rafiki yangu, kwa mzaha wa huyu?"

"Ni mzaha!" Kindi akadakia. "Kwa hiyo yamekwisha, sivyo? Hakukuwa na kitu! Turudi kama zamani!"

Nyati akatikisa kichwa. "Mchicha uliutunga wewe. Mama yake nilimtukana mimi."

"Na ndama wake," akasema Kiboko, "niliwataja mimi, kwa mdomo wangu, na siku ile nilimaanisha. Wanaogopa kupita mlangoni kwangu. Nyati, nimekusamehe, nawe unisamehe. Lakini nikisimama karibu nawe naisikia ile kauli, sikusikii wewe."

"Nami vivyo hivyo."

Kindi alitazama huku, akatazama huku. Uongo kaukana mwenyewe, mbele ya wote, na bado hakuna kilichorudi! Hilo ndilo lililomkata maini.

Bi Tembo akakohoa. "Wanangu, nisameheni, lakini ahadi ni ahadi. Wimbo umekwisha?"

"Bado ubeti mmoja," akasema Kifaru.

Kiboko akasimama. Nyati akaokota gitaa. Waliumaliza ubeti ule bila mikeka, kila mmoja akitazama miguu yake, na Kifaru akapiga la mwisho: du.

Halafu Kiboko akashuka kwa kulia, Nyati kwa kushoto, na Kifaru akaibana ngoma kwapani akaondoka moja kwa moja. Hakuna aliyeaga. Nyumba zote nne zilichota maji mpaka mvua iliponyesha, kila nyumba kwa saa yake, ili wasikutane. Kishindo haikusikika tena.

Basi wanangu, ukisema uongo wa mzaha, ukane siku hiyo hiyo, kabla wenzako hawajaongeza ya kwao ambayo huwezi kuyakana wewe.