Mboga Chini ya Pilau

Sifa sebuleni, nguvu uani. Ndivyo alivyosema mama yenu mkubwa hapo jikoni, Jafari alipousukuma mchicha ukingoni mwa sahani kama mtu anayefukuza kuku, na nyote mkacheka bila kujua mnacheka nini. Haya, sogeeni. Nasma, mpishe mwenzako, mkeka mkubwa huu. Methali hii ilianza katika nyumba ya Bi Zawia, kule Lindi, na mimi nilikuwapo siku ilipotamkwa mara ya kwanza.

Bi Zawia alikuwa mtu wa watu. Nyumba yake haikukauka wageni. Ukipita mlangoni bila kuingia, alikununia mwezi mzima. Alikuwa na binti mmoja tu, Asina. Asina alipoposwa na Mfaume, fundi seremala wa mtaa wa pili, Bi Zawia aliapa kwamba harusi ile watu wataisimulia hadi wazeeke. Naam, si ninaisimulia?

Akamweka binti ndani, kama ilivyokuwa desturi. Mwali hatoki, hapigwi na jua, hagusi jembe wala mchi. Anasingwa, anafukizwa udi, analishwa mpaka anawiri. Na kwenye kulisha ndiko kulikokuwa na mashindano. Kama mwali wa kwa fulani alikula kuku, wa Bi Zawia lazima ale kuku na mbuzi. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa, mchana pilau, jioni wali wa nazi na nyama ya kukaanga, katikati halua. Majani hayakuvuka kizingiti cha chumba kile.

"Matembele ni chakula cha mtu asiye na mtu," alikuwa akisema. Na ndimu ndiyo kabisa, maana wakati ule watu waliamini uchachu humkausha mwali damu na kumkondesha.

Sisi tuliokuja kusaidia kazi tulikuwa uani na masufuria yetu. Leo ugali wa muhogo kwa matembele, kesho mlenda, keshokutwa kisamvu cha nazi. Hakuna aliyetuonea wivu. Ila dirisha la Asina lilitazama uani, na mara nyingi tuliona pua yake imebanwa kwenye nondo.

"Mnakula nini leo?" anauliza.

"Umaskini," tunamjibu, na yeye anacheka.

Miezi ikapita. Asina akanenepa, sifa zikaenea. Halafu kicheko kikapungua. Akawa anaamka amechoka kama aliyelima. Magoti yakamuuma. Akisingwa, mikono inabaki na alama za zambarau. Choo nacho, msicheke, kikawa safari ya Hija. Asubuhi moja akapiga mswaki, akatema, na beseni likawa jekundu.

Basi palikuwa na mwanamke amekuja kuazima ungo. Jina lake sitalitaja, marehemu hasemwi vibaya, ingawa yeye alipokuwa hai hakumwacha mtu. Akaliona beseni. Asubuhi habari ilikuwa mwali anatema damu. Adhuhuri ikawa mwali ana kifua. Ilipofika kwa kina Mfaume jioni, mwali alikuwa anakohoa mapande ya damu na kikombe chake kimetengwa. Na kifua kikuu siku zile, wanangu, kilitajwa kwa kunong'ona.

Upande wa mume wakaleta salamu fupi: shangazi yake Mfaume, Binti Makota, atakuja kumwona mwali karibuni. Hawakusema zaidi, na hapakuwa na haja. Binti Makota akirudi na uso umekunjamana, posa imekufa, na Asina nani tena atamposa?

Bi Zawia akamwita nesi wa zahanati kwa siri. Nesi akasikiliza kifua, akamfunua mdomo, akabonyeza fizi.

"Kifua hakina neno," akasema. "Fizi ndizo zinazotoa damu. Anakula nini huyu?"

Bi Zawia akamhesabia kwa fahari, kuanzia maandazi mpaka halua.

"Na mboga?"

"Nyama si mboga?"

"Mboga za majani, mama. Nyama hatuikatai, ila haitoshi peke yake. Fizi na vidonda vinataka nyanya, ndimu, matembele, na msiyapike mpaka yawe tope. Mchicha na majani ya kunde husaidia damu. Bamia na mlenda hulainisha tumbo. Boga na karoti zinalinda macho. Binti yako ameshiba, lakini mwili wake una njaa."

"Nimpe mwali wangu matembele! Wakwe wakisikia?"

"Wameshasikia anatema damu, mama. Lipi zuri?"

Bi Zawia alimsindikiza nesi kwa heshima zote, akamfungashia maandazi ya kwenda nayo. Aliporudi akatangaza kwamba mtu asithubutu kumpa mwali majani.

Lakini kungwi wa Asina, Bi Esha Mapande, alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Mchana ule akaja uani na sahani ya mwali. Akachota matembele yetu, akayatandaza chini. Akakatia nyanya mbichi, akakamua ndimu nzima. Juu akafunika pilau, na juu ya pilau akapanga minofu.

"Mkiulizwa," akatuambia, "hiki ni pilau."

Ikawa ndivyo kila siku. Chini mchicha, chini majani ya maboga, chini bamia. Bi Zawia akifunua kawa anaona nyama, anaridhika.

"Siku hizi mwanangu anamaliza sahani!"

"Anakula mpaka chini," Bi Esha anajibu, nasi uani tunauma kanga zetu tusicheke.

Haukupita muda mrefu pua ikarudi dirishani. "Leo umaskini gani?" Tukajua mtoto anapona.

Sasa Binti Makota alikuwa mjanja. Hakuja siku tuliyodhani. Alikuja wakati sahani ya mwali imeshapakuliwa. Na desturi ilikuwa mjumbe wa upande wa mume ale sahani moja na mwali, mkono kwa mkono. Bi Zawia akaja mbio uani, akainyakua.

"Ngoja, niipakue upya," Bi Esha akamdaka.

"Upakue nini? Si imepakuliwa?"

Akaenda nayo. Bi Esha akakaa kwenye kinu, akashika kichwa. Sisi tukaacha vitunguu tukajazana kwenye korido.

Sebule ilijaa wanawake wa pande zote mbili. Asina amejitanda, macho chini. Binti Makota akasema bismillahi, akazamisha mkono kwenye pilau, akautoa. Vidole vilikuwa kijani.

"Hiki nini?"

Wanawake wakatazamana. Hata pepeo zilisimama.

"Nani amemtilia mwanangu majani?" Bi Zawia akapiga kelele.

"Mimi," Bi Esha akasema kutoka mlangoni.

"Esha! Umenivua nguo mbele ya wakwe!"

"Mtavishana baadaye," Binti Makota akasema. Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha muwa kilichomenywa. "Mwanangu, tafuna."

Kila mtu akaelewa. Muwa ni mgumu na kapi lake jeupe. Mdomo unaotoa damu hauwezi kujificha hapo. Bi Zawia akawa anasogeza midomo, sijui dua, sijui nini. Asina akauma. Akatafuna. Akatema kapi kwenye kiganja cha Binti Makota.

Jeupe. Binti Makota akaligeuza upande wa pili. Jeupe kama pamba.

"Uma tena."

Asina akauma kwa nguvu mpaka ukasikika mlio. Jeupe vilevile. Nilisikia chumba kizima kikitoa pumzi.

"Sasa niambie kweli," Binti Makota akamwuliza kwa upole. "Ulitema damu au hukutema?"

Mwali hasemi mbele ya wakwe, lakini Asina alisema. "Nilitema, shangazi. Fizi. Ikakoma nilipoanza kula ya chini."

"Ya chini ipi?"

Asina akaelekeza kidole kwenye sahani.

Yule mama akatazama pilau, akatazama vidole vyake, akamtazama Bi Zawia aliyetamani ardhi ipasuke. Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akasogeza nyama pembeni, akachimba matembele, akala.

"Bi Zawia, tangu tupose kila mlango nilioingia nimelishwa pilau, tumbo limekuwa jiwe," akasema. "Kumbe katika nyumba hii sifa ziko sebuleni, nguvu iko uani!"

Bi Zawia akaketi chini palepale, akalia na kucheka kwa pamoja, kamasi na machozi. Kisha akainua mkono. "Esha! Usisimame hapo kama mgeni. Lete sufuria lote!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, mtu angedhani ni siku ya harusi yenyewe. Tukaingia sebuleni na sufuria letu jeusi la matembele, mimi nimeshika upande mmoja, tukakaa na wakwe. Na harusi ilipofika, kila sinia la pilau lilikuwa na bakuli la mboga kando yake, wazi, bila kufunikwa. Watu wakawa wakipakua mboga wanaambiana maneno ya Binti Makota, wakiyafupisha, mpaka yakatoka Lindi na kufika huku.

Haya, Jafari. Ile sahani nimekuwekea kawa juu yake. Mchicha umepoa, lakini haujakasirika. Vuta, kula, na wenzako wakikucheka waambie umemsikia bibi yako: sifa sebuleni, nguvu uani.