Mitungi ya Mdomo Mwembamba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mmekula uji wa juzi. Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani, zamani ya kweli, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Humo aliishi Bi Mashavu, bibi wa meno manne na macho mawili, na macho yote yakifanya kazi. Ya wengi wenu ni pambo tu.

Mitungi ya kijiji hicho ilikuwa na mdomo mwembamba, mwembamba, hata mkono wa mtoto haupiti. Ndiyo desturi yao. Mtungi huinamishwa, maji yakamiminika: gulu-gulu-gulu! Mke akitia mkono mtungini, mavyaa wake, mama wa mumewe, atamsema mwaka mzima.

Mwaka mmoja jua likala mtama wote shambani. Ikabaki mitungi. Wakiibadilisha kwa mtama huko ng'ambo ya kilima, watakula. Wasipoibadilisha, watahama. Siti, binti wa pekee wa Bi Mashavu, alikwisha kukunja mikeka.

"Mama, mwezi ukiandama, mimi na wanangu tunaondoka."

"Na mimi je?"

"Wewe si una mitungi yako?"

Maneno hayo yalimchoma. Lakini hakulia. Alikunywa maji, akajitwika mtungi, akafuatana na wenzake.

Wakapanda kilima, wakashuka kilima. Wakapanga mitungi sokoni. Watu wakatazama, wakapita.

Jumbe Mwinyikai, mkuu wa kijiji, akasema, "Hawajatusikia! Pigeni ngoma!"

Ndi! Ndi! Ndi! Watu wakaja, wakacheza, wakaenda zao.

"Hawajauona uzuri! Pakeni rangi!"

Wakapaka chokaa, wakapaka udongo mwekundu. Watu wakaja, wakasifu, wakaenda zao.

"Watu wa huku wajinga," akasema Jumbe.

"Wajinga wana mtama, sisi werevu tuna njaa," akasema Bi Mashavu. "Nani kati yenu amewauliza wanataka nini?"

"Tuwaulize wao habari za mitungi? Sisi tuliozaliwa udongoni?"

"Basi huo udongo uleni."

Wenzake wakarudi. Yeye akapiga hodi nyumba ya kwanza, akaomba kulala. Kwa siku tatu akamsagia mwenye nyumba nafaka. Kwaru-kwaru, jiwe linasaga. Kwaru-kwaru, macho yanatazama. Akaona uani mtungi wa kwao, ulionunuliwa miaka ya nyuma, kuku amelala juu yake. Akaona mwingine umezikwa nusu mchangani, maji yapoe, nao umevunjwa shingo.

"Mwanangu, mbona mmeuvunja?"

"Bibi nawe! Mtungi uliozikwa nitauinamishaje? Huku tunachota kwa kata, kifuu chenye mpini. Kata ingepita wapi?"

Bi Mashavu akacheka mpaka meno yote manne yakaonekana. Akarudi mbio, mbio ya kizee, akawaeleza wenzake.

"Mdomo mpana?" Jumbe akaruka. "Mababu watasemaje?"

"Mababu hawana mtama. Wakitaka mtungi wao, nitawafinyangia."

Siti akaguna, kisha akacheka, kisha akalowanisha udongo. Mama na binti wakafinyanga mitungi kumi, mdomo mpana kama sahani. Wakaianika, wakaichoma. Wakaipeleka sokoni, kila mmoja una maji na kata ndani.

Hawakupiga ngoma. Bi Mashavu alisema tu, "Chota, mwanangu, ujionee."

Chwa! Chwa! Jua halijafika utosini, mitungi yote imekwenda, na mtama hawawezi kuubeba. Wakaita watu wa kuwasaidia. Kijiji kizima kikafinyanga mdomo mpana, hata Jumbe, ingawa wake ulikwenda upande.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake wanawake wa ng'ambo walikwisha kuvuka kilima wenyewe. Jumbe akasafisha koo ili aisifu mitungi. Siti, mikono imejaa udongo, akamsukuma kando.

"Karibu, dada. Kabla sijaanza kufinyanga, niambie: kwako unataka kuweka nini?"

Basi nanyi mnaopenda kuwauzia au kuwasaidia watu wa kwingine, acheni kujisifu kwanza, muwaulize wanataka nini. Hadithi yangu naitua hapa. Aliyesinzia shauri yake.