Kigoda cha Semboja na Mkono wa Sikujua

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana rangi ninayoisimulia haijafutika, alikuwepo mchonga vigoda aitwaye Semboja. Alikuwa na binti mmoja, Sikujua, mtoto wa chekechea. Mkewe alikuwa amefariki, na aliyewalea wote wawili, baba na mtoto, alikuwa Bibi Nakiete, mama yake Semboja.

Siku moja uji wa moto ulimmwagikia Sikujua mkono wa kulia. Kidonda kikapona, lakini mtoto akakunja ngumi na kugoma kuikunjua. Analala na ngumi, anaamka na ngumi. Tabibu akasema, "Asipovichezesha, vidole vitakauka hivyo hivyo." Semboja akabembeleza, akanunua peremende, akajifanya kukasirika. Wapi! Mwisho akaapa mbele ya majirani: "Atakayeufungua mkono wa mwanangu, nitampa kigoda cha mninga nilichomchongea marehemu mke wangu." Kigoda hicho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu mwenyewe aondoke.

Sasa, pale chekechea palikuwa na Mwalimu Tunu. Yeye hukata bamia vipande, watoto wakachovya kwenye rangi na kugonga kwenye kitambaa cheupe, na kila kipande kikaacha nyota. Rangi hupika mwenyewe, udongo mwekundu na unga wa muhogo, nzito kama uji. Ndiyo maana Sikujua aliikimbia. Mwalimu hakumlazimisha. Kila siku alimwekea kibakuli chake, na kila siku alikiondoa hakijaguswa, wala hakununa.

Bibi Nakiete ndiye aliyewapikia watoto pale chekechea. Asubuhi moja akakuta sinia la bamia zilizokatwa vizuri. "Mwalimu kanirahisishia," akasema, akazimimina zote sufuriani. Semboja alikuwa hapo hapo, akigongelea mguu wa benchi.

"Bibi, nyota zetu!" Mwalimu akashika kichwa.

"Nyota gani, mwanangu? Huo si mlenda?"

Watoto wakaangua kilio. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. "Basi, wanangu, leo tunagonga kwa viganja."

Viganja vikachovywa, paa, paa, paa! Sikujua akarudi nyuma. Rafiki yake Mwajabu, mtoto asiyejua kutulia, akamfuata.

"Njoo na wewe."

"Inaunguza."

"Inaunguza?" Mwajabu akatumbukiza uso mzima kwenye bakuli, akaibuka mwekundu mpaka kope. "Ona! Baridi!"

Sikujua akacheka. Akachomoa kidole kimoja, akagusa. Akachomoa cha pili. Kisha ngumi yote ikakunjuka, akabandika kiganja kitambaani, paa!

Nyundo ikamtoka Semboja. Alama ile ilikuwa na kidole kidogo kilichopinda, naye alikijua kidole kile tangu kilipozaliwa. Alilia mbele za watu, hakujificha. "Asanteni," alisema. "Jamani, asanteni." Moyo wake ulijaa shukrani hata hakujua amshike nani kwanza. Akakimbia nyumbani, akarudi na kigoda, akakiweka katikati.

Mwalimu Tunu akasema, "Baba Sikujua, mimi ndiye niliyepika rangi, nikamngoja bila kumharakisha. Ningemlazimisha, angeichukia mpaka leo."

Bibi Nakiete akasema, "Ungemngoja mpaka lini? Nisingepika bamia zako, angegonga nyota kwa mkono wa kushoto, na ngumi ingebaki ngumi."

Mwajabu akajipangusa pua. "Mimi nimeingiza uso. Nyie mmeingiza nini?"

Semboja akamgeukia mwalimu, akaona anasema kweli. Akamgeukia mama yake, akaona anasema kweli. Akamgeukia Mwajabu, akaona rangi bado inamtiririka masikioni. Na kigoda ni kimoja, hakipasuliwi.

Wakati wanabishana, Sikujua alirudi bakulini, safari hii bila kuitwa. Akachovya, akaja taratibu, akakibandika kiganja chake katikati ya kigoda cha mama yake. Paa!

"Na aliyeufungua ni nani?" akauliza. "Si mimi?"

Alama ya kiganja ikakauka juu ya mninga, na haikutoka tena. Semboja alisimama pale na kigoda chake, mwenye furaha kuliko watu wote wa mji ule, na asijue akikabidhi kwa nani.

Haya, ninyi mliosikia kila kitu, msaidieni. Yupo aliyengoja, yupo aliyekosea, yupo aliyejipaka, na yupo aliyethubutu. Je, nani alistahili kukikalia?