Watatu Walioliamsha Gari la Shemhilu

Hapo zamani, nayo si zamani ya mbali, maana tangu siku ile tumevuna mahindi mara mbili tu, alikuwako mtu akiitwa Shemhilu. Nawaambieni habari zake kwa sababu alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na kwa sababu aliacha neno ambalo mimi, Mahiza, nimeshindwa kulimaliza.

Shemhilu alikuwa fundi wa vichwa vya treni kule Tanga, miaka thelathini na minane. Alipostaafu, kitu alichokipenda baada ya binti yake Mboni kilikuwa gari dogo la kuongozwa kwa rimoti. Urefu wake ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Msidhani ni kile kitu cha kuchezea cha betri. Lile lilikuwa na injini ya kweli, kubwa kama yai la bata, yenye pistoni, kabureta na ekzosi, na lilikunywa mafuta yake maalumu ya nitro, yenye harufu kali ya kutoa machozi. Likiwaka, mlio wake ulikwenda mbali.

Kila Jumapili yeye na wenzake walikwenda kwenye shamba la katani lililoachwa, wakayashindanisha magari yao juu ya udongo mwekundu. Rafiki yake mkubwa pale, na mshindani wake mkubwa, alikuwa Hoza, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini.

Jumapili moja gari la Shemhilu likaugua. Likiwaka, linapandisha mlio lenyewe bila kuguswa, likishuka, linazimika. Akakaza skrubu ya kupunguza na kuongeza mafuta. Likazimika. Akailegeza. Likapandisha, likazimika. Akakaza tena, akalegeza tena, jua likampiga mpaka saa kumi. Mwisho injini ilikuwa moto wa kuunguza kidole, na haikukubali kuwaka tena. Watu wamesimama wanatazama. Hoza akasema kwa sauti:

"Shemhilu, umeliua gari lako. Umelinyima mafuta mpaka limejiunguza lenyewe."

Wengine wakacheka. Shemhilu alilifunga gari katika kitambaa, akaenda nalo nyumbani. Wiki haikuisha, kiharusi kikampiga. Upande wake wa kushoto ukafa.

Mboni akampandisha baba yake milimani, nyumbani kwake Soni, nami nikaenda kumsaidia kuuguza. Miaka minne kaka yangu alilala kwenye kitanda kilichokuwa karibu na dirisha. Kuongea aliongea, ila polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Hakumpigia Hoza simu, wala Hoza hakumpigia. Gari likakaa chini ya kitanda.

Mwaka wa nne daktari akatuambia moyo umechoka, tuhesabu siku. Mboni akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, unataka nini?"

"Gari," akasema.

"Nikuletee ulishike?"

"Nataka kulisikia." Akapumzika, akaendelea. "Miaka thelathini na minane sikuua injini hata moja. Sitaki kuondoka sijui kama niliua ile. Atakayeliamsha gari, nikalisikia, ni lake. Shangazi yako ndiye shahidi."

Basi nikawa shahidi.

Mboni akamwita Kihiyo, fundi wa pikipiki wa pale Soni. Kihiyo alikuja na tabasamu, kwa maana aliambiwa kuna gari. Alipoliona alinitazama mimi, akamtazama Mboni.

"Dada, mmeniita kwa hili?"

"Kwa hilo, fundi."

Akaketi kibarazani. Alipofungua plagi alishangaa, haina waya wa cheche. Kaka yangu akamweleza kwa shida kupitia dirishani: ndani ya plagi mna uzi mwembamba; unaupasha kwa betri mpaka uwe mwekundu, injini ikishawaka unabaki mwekundu kwa moto wa mafuta yenyewe. Kihiyo akasikiliza. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Akazungusha injini kwa kidole, ikazunguka laini.

"Mzee, hii imekaa miaka minne kweli? Nilitegemea kukuta imeganda kwa kutu."

Ndipo Mboni akasema jambo ambalo hata mimi niliyelala nyumba ile sikulijua. Alimwona baba yake tangu utoto akitia matone ya mafuta laini kwenye tundu la plagi kila baada ya kukimbiza gari, kisha akizungusha injini ili yaenee. Hakujua kwa nini. Lakini kila Ijumaa, baba akiwa amelala, alilivuta gari chini ya kitanda, akatia matone matatu, akazungusha mara kumi, akalirudisha. Miaka minne, hakuruka Ijumaa, hata ile aliyozaa mwanawe wa pili. Siku ile alimwagiza mumewe.

Kihiyo akaomba beseni la maji. Akaitoa injini kwenye gari, akaziba matundu yake yote kwa vipande vya mpira, akaacha moja la kupulizia. Akaizamisha, akapuliza. Tukainama wote. Shingoni mwa kabureta, pale inapoingia kwenye injini, mapovu yakapanda, madogo madogo, yamefuatana.

Kihiyo akainuka na beseni lile, akaingia nalo chumbani, akaliweka mbele ya kaka yangu, akapuliza tena.

"Mzee, unaona? Mpira wa shingo ya kabureta umepasuka. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi. Ungekaza, ungelegeza, ungezungusha hiyo skrubu mpaka kiama, isingetulia. Hukuiua. Ilikuwa mgonjwa kabla hujaigusa."

Kaka yangu aliyatazama yale mapovu. Machozi yalishuka kwa jicho moja tu, lile la upande ulio hai. Sikupata kumwona akilia tangu tulipomzika mama.

Kihiyo alizilaza kazi za watu siku mbili nzima. Alichonga mpira mpya kutoka kwenye mpira wa kabureta ya pikipiki, akaujaribu, ukavuja, akatupa. Akachonga wa pili, akatupa. Wa tatu ukashika, akairudisha injini kwenye gari. Tukapasha plagi kwa betri. Haikuwa nyekundu. Uzi wa ndani ulikuwa umekatika, na mafuta yaliyobaki kwenye kopo yalikuwa yamevuta unyevu. Soni nzima hakuna plagi ya namna ile, Lushoto hakuna. Kihiyo akafuta mikono.

"Hapa nimefika mwisho wangu," akasema.

Mboni akatoka nje na simu. Alimpigia Hoza, akamweleza yote.

Hoza alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, amezeeka, amebeba kopo la mafuta na plagi moja iliyofungwa kwenye leso. Hakwenda kwenye gari kwanza. Alikwenda kitandani.

"Shemhilu, nilisema mbele za watu kwamba umeliua."

"Ulisema."

"Nilisema uongo bila kujua. Nisamehe, ndugu yangu."

Kaka yangu akasema, "Kilichoniumiza si kwamba ulisema, Hoza. Ni kwamba niliamini."

Hoza akashika mkono wake uliokufa, akaushika muda mrefu. Halafu akatoka nje, akafunga plagi, akaipasha, akajaza mafuta, akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikawaka! Moshi mzito ukatanda uani, mlio ukagugumia kama mtu mwenye kohozi, ikazimika. Akavuta, ikawaka, ikagugumia, ikazimika. Kihiyo akasema bado inavuta hewa. Hoza akatikisa kichwa.

"Hapana fundi, kazi yako iko sawa. Skrubu hii iliachwa wazi siku ile Tanga, tena kule chini hewa ni nzito. Huku mlimani hewa ni nyepesi. Mafuta yamezidi hewa, inapaliwa."

Akatwaa bisibisi. Akakaza kidogo, upana wa ukucha, akasikiliza. Akakaza upana wa ukucha tena, akautazama moshi. Kila mara alidondosha tone la mate juu ya injini kupima joto: likikaa tu, injini ni baridi, likiruka papo hapo, inaungua. Hakuharakisha. Ilimchukua saa nzima na zaidi, nasi tumesimama, mpaka tone likachemka taratibu, moshi ukawa uzi mwembamba wa buluu, na mlio ukanyooka.

Akaliachia gari. Likazunguka uani, likapita mbele ya dirisha likilia, likageuka, likapita tena. Kuku wakapanda juu ya kuni. Majirani wakatoka. Kaka yangu nilimwinua kwa mito akakaa. Mboni akaingia mbio, uso umelowa, Kihiyo nyuma yake, Hoza mlangoni na rimoti mkononi.

"Baba, limeamka! Ulisema atakayeliamsha ni lake. Sasa ni la nani?"

Kaka yangu akainua mkono wake mzima.

"Nyamazeni kwanza," akasema. "Nasikiliza."

Tukanyamaza. Mafuta ya tangi moja ni ya dakika nane tu. Alisikiliza zote nane, macho amefumba, na vidole vya mkono wake vikijizungusha kidogo kidogo juu ya shuka, kama anayekaza skrubu. Mafuta yalipokwisha akalala. Aliamka magharibi akanywa maji, akatutazama mmoja mmoja, hakuzungumza habari za gari. Kesho yake alasiri akafariki.

Tulipoanua matanga, walikuja wote watatu kwangu, kwa kuwa mimi ndimi shahidi. Hawakuja kwa ugomvi. Ingekuwa ugomvi ningewafukuza, yakaisha.

Kihiyo akasema: "Bi Mahiza, mimi sikuwa na deni la mtu hapa, wala undugu, wala urafiki. Ugonjwa wa gari lile niliuona mimi. Bila mimi, mafuta na plagi vingewekwa katika injini inayovuja, na lingewaka na kuzimika kama siku ile ya Tanga. Na mzee amekufa akijua hakuua. Ukweli huo niliutoa mimi kwenye beseni. Injini hii imenifundisha kazi yangu upya. Naliomba."

Hoza akasema: "Dada yangu, plagi iliyomo ni ya gari langu, na sina nyingine. Nimetafuta hadi Mombasa, hakuna. Nikiitoa, gari la Shemhilu ni bubu. Nikiiacha, langu ni bubu. Sitaitoa, hata mkimpa mwingine. Lakini neno la marehemu lilikuwa 'atakayeliamsha,' na mkono uliovuta kamba ni huu. Bila mimi, lingekuwa zima na kimya. Nilimtukana kwa gari hili. Niacheni nilitunze kwa ajili yake."

Mboni alikaa chini, ameinamisha kichwa. Naye akasema:

"Shangazi, mimi sikuliamsha. Mimi nilikataa life. Ijumaa zaidi ya mia mbili, bila kujua kama litahitajika, na hapakuwa na mtu wa kuniona. Lingeganda kutu, fundi angepuliza nini? Mzee Hoza angevuta kamba gani? Nyumba ya baba na shamba nimeachiwa, hayo sikatai. Lakini hayo nilipewa kwa kuzaliwa. Hili nililitunza kwa mikono yangu."

Nilitaka kumpa Kihiyo, nikakumbuka kwamba alifika mahali akaweka vyombo chini. Nikataka kumpa Hoza, nikakumbuka jua la siku ile na vicheko vya watu. Je, mtu hupewa zawadi kwa kufuta kosa lake? Nikataka kumpa Mboni, nikakumbuka neno la kaka yangu, nami niliapa kulishuhudia kama lilivyo: hakusema atakayelitunza, alisema atakayeliamsha.

Kulikata vipande hakuwezekani, na kulipokezana walikataa wenyewe. Wanasema wataridhika na nitakalosema. Kila nikikutana na mmoja wao ananisalimu kwa adabu, haulizi, nami naona aibu.

Basi ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza mpaka mwisho, hukumu nawaachia. Yuko aliyelilinda lisife. Yuko aliyeuona ugonjwa wake na kuuponya. Yuko aliyelitia pumzi kwa kulinyamazisha la kwake. Neno lilikuwa moja, na gari ni moja.

Semeni: kati ya hao watatu, nani alistahili?