Mtu wa Kumtekea Maji Mzee Mwakatobe

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana kompyuta zilikuwapo, palikuwa na mji uliolala ndani ya ukungu. Mchana wake ulifanana na alfajiri, na watu walitambuana kwa sauti za viatu. Juu ya mji palikuwa na bwawa, na programu mpya ilikuwa imewekwa kuliangalia. Maji yakizidi, ifungue milango ya bwawa. Kabla ya kuifungua, ipige king'ora katika mtaa wa wafinyanzi, kule bondeni, na iwashe taa nyekundu katika nyumba moja ng'ambo ya mto, nyumba ya mama mmoja kiziwi.

Mama huyo ndiye aliyemzaa Sekela, mkubwa wa mafundi waliopewa kazi ya kuijaribu programu. Wenzake walikuwa Lusajo na Tuntufye. Hata hawajaanza, habari zikaja: mvua imeshanyesha milimani, maji yako njiani. Muda wa kujaribu kila kitu haukuwapo tena.

Katika mji ule, mtu mwenye haraka hujiuliza swali moja: kikiharibika, nani atalia? Sekela akajiuliza. Milango ikigoma, utalia mji mzima. King'ora kikigoma, utalia mtaa. Taa ikigoma, nitalia mimi. Moyo ulimuuma, lakini akasema, "Lusajo, shika milango. Ukimaliza, msaidie Tuntufye kwenye king'ora. Taa iwe ya mwisho."

"Ya mwisho, dada?" Tuntufye aliuliza.

"Ya mwisho. Nisije nikaambiwa nimempendelea mama."

Basi Lusajo akaijaribu milango, akakuta kosa, akalirekebisha, milango ikatii. Akaijaribu tena. Ikatii. Akaijaribu tena, na tena, maana moyo wake ulikataa kuamini, na ilipendeza kuitazama ikifunguka polepole ndani ya ukungu kama mtu anayepiga miayo.

Tuntufye alianza na king'ora. Akakumbuka ugali aliopewa na mama yule kiziwi alipokuwa mpangaji wake, asiye na kitu. Akakiacha king'ora katikati, akaenda kwenye taa. Sekela alimwona kwenye kioo cha kompyuta yake. Alifungua mdomo, akaufumba.

Taa ilikuwa mbovu kweli, na Tuntufye akaitengeneza. Maji yakafika. Milango ikafunguka, bwawa likasimama, mji ukapona. Taa nyekundu iliwaka mapema, mama kiziwi akachukua fimbo yake akapanda mlimani. King'ora kikanyamaza. Maji yaliingia mtaa wa wafinyanzi bila kelele, yakabeba vyungu, yakambeba mke wa Mzee Mwakatobe aliyekuwa ameinama analainisha shingo ya mtungi.

Desturi yao ni hii: aliyeacha kazi nusu hata pakawa na msiba, humtekea mfiwa maji kila asubuhi, mpaka mfiwa mwenyewe aseme basi. Naye huwa mtu mmoja, kwa sababu mfiwa anataka kuujua uso mmoja. Asubuhi ile walikuja watatu, kila mmoja na ndoo yake.

"Ni mimi, mzee," alisema Lusajo. "Milango ilishapona, nikawa nairudiarudia kwa woga. Muda wa king'ora niliula mimi."

"Ni mimi," alisema Tuntufye. "King'ora kilikuwa mkononi mwangu, nikakiacha. Lakini taa ilikuwa mbovu, na mama yuko hai. Nimejaribu kujuta, mzee, najuta nusu tu."

"Ni mimi," alisema Sekela. "Nilimwona akiondoka, nikanyamaza. Angekuwa mama wa mtu mwingine, ningemrudisha."

Mzee Mwakatobe aliwatazama kwa macho mekundu. "Aingie mmoja," alisema, akausukuma mlango.

Hakuna aliyesogea. Nyuma yao alisimama mama yake Sekela, aliyekuja kutoa pole na hakusikia hata neno moja. Akamgusa binti yake begani.

"Mbona hamwingii?" aliuliza.

Ninyi mliosikia yote, mjibuni mama huyu. Je, nani alistahili kuingia?