Bunduki ya Marehemu Masanja

Hapo zamani, wakati baba zenu bado wanakimbia uchi nyuma ya mbuzi, palikuwa na kijiji kinaitwa Isengwa, na kijiji hicho kilikuwa na kisima kimoja. Kimoja tu. Atakayenikatiza kuniuliza kwa nini hawakuchimba cha pili, nanyamaza hapa hapa nikajilalie zangu.

Kisima kilikuwa mbugani, ng'ambo ya vichaka. Ukaingia ukame, na pamoja na ukame akaja mbogo dume, mzee, mpweke, pembe moja imevunjika. Akakipenda kile kisima. Akanywa, akalala papo hapo kwenye tope. Akija mwenye ndoo, anakimbizwa. Akija mwenye mbwa, anarudi bila mbwa. Akaenda Masanja, kiongozi wa wasasi, akarudi kwenye machela, na jua halijazama wakamzika.

Masanja aliacha mke, Kalunde, na bunduki. Bunduki yenyewe nzito kama mtwangio, mtutu mpana, risasi yake nene kama kidole gumba cha mwanamume. Kalunde hakulia mbele za watu. Aliipaka bunduki mafuta, akailaza mapajani, akasema: "Atakayenifungulia njia ya kisima, hii ni yake. Na kigoda cha mume wangu penye moto wa wasasi ni chake pia. Asiyetaka akae na kiu yake."

Na kigoda kile si cha kukalia tu. Mwenye nacho ndiye anayesema nani aende porini, nani abaki, nani apewe paja na nani apewe kwato.

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza Mihayo. Huyu alikuwa na bunduki yake mwenyewe, nyembamba, nzuri kama bi harusi, na darubini juu ya mtutu. Risasi yake ndogo, ndefu, inakwenda mbali bila kuinama. Wa pili Lugata. Huyu hakuwa na bunduki yake mwenyewe, alikuwa na mabega. Miaka yote alitembea nyuma ya Masanja na bunduki ya kuazima, basi akasema, "Mimi nitashika hiyo ya marehemu."

"Hiyo haifiki mbali," Mihayo akasema.

"Hiyo yako inafika mbali kufanya nini? Kusalimia?"

Wakataka kushikana mashati. Wanaume wakasema, basi, walenge shabaha, tuone bunduki ipi inafaa. Wakatundika kibuyu kwenye mti ng'ambo ya mbuga, mbali, hata mwenye macho mazuri alikiona kama punje. Mihayo akalala chini, akafumba jicho moja, pah. Kibuyu kikapasuka. Watu wakapiga vigelegele. Kikatundikwa kingine. Lugata akasimama na ile nene, akafyatua. Vumbi likaruka katikati ya mbuga, kibuyu kinaning'inia raha mustarehe, na Lugata mwenyewe amekaa kitako, kapigwa teke la bega na bunduki yake. Wanawake walicheka mpaka kiu ikawazidi.

"Basi ni Mihayo," wanaume wakasema. "Ni bunduki nyembamba."

Mmoja tu hakucheka. Ng'washi, mke wa Mihayo mwenyewe. Akasema, "Nyie mnachagua bunduki kwa kibuyu. Kibuyu hakina mbavu, na kibuyu hakimfuati mtu."

"Mama Sitta," Mihayo akasema, "nenda kapike."

"Nipike kwa maji gani?"

Maji kidogo yaliyokuwamo nyumbani mwake, mkewe ndiye aliyekuwa akiyaiba alfajiri, akinyata, kila siku, mbogo amelala. Ng'washi alijua mnyama yule analala wapi, anageukia wapi, upepo ukitoka huku anainua pua vipi. Akasema, "Njia nitawaonyesha mimi. Nenda na hiyo yako, baba Sitta. Ila ile nene nayo iende. La sivyo tafuteni njia wenyewe."

Wanaume walinung'unika, wakakubali. Kiu haina kiburi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye shida. Wasasi wa Isengwa walikuwa na sheria yao. Wakienda wawili wenye bunduki, wa mbele ndiye anayepiga. Wa nyuma anaweka bunduki begani, hapigi mpaka aitwe jina. Na anayemwita ni wa mbele peke yake. Wa mbele akiita, amekubali kwamba ameshindwa, na mnyama ni wa yule aliyeitwa. Wa nyuma akipiga bila kuitwa, huyo ni mwizi wa mnyama, na bunduki hashiki tena maisha yake.

Wakatoka asubuhi. Ng'washi mbele kuonyesha njia, Mihayo katikati, Lugata nyuma na ile nene begani. Wakapanda kichuguu kilichokuwa mbali na kisima. Mbogo yule pale, amesimama topeni, anatafuna. Mihayo akalala, akafumba jicho moja, pah.

Mbogo alishtuka tu. Akageuka, akaingia kichakani, anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Nimempata nyuma ya bega," Mihayo akasema. "Pale pale nilipotaka."

"Nimeona," Lugata akasema. "Mbona anatembea?"

Wakangoja. Kichaka kikanyamaza. Kurudi hawawezi, maana mbogo mzima alikuwa anafukuza watu, na huyu mwenye risasi mwilini atawafuata mpaka mlangoni. Wakashuka, wakafuata damu. Damu nyekundu, ina povu.

"Povu la pafu," Mihayo akanong'ona. "Anakufa."

"Nani amemwambia?" Lugata akasema.

Ng'washi akainamia nyayo. Akaenda kidogo, akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia walikotoka. "Nyayo zinapinda," akasema. "Hakukimbia. Amezunguka, anatungoja. Yuko hapa."

Na kweli alikuwapo. Kichaka kilipasuka ubavuni mwao, mbogo huyo, kichwa chini, damu puani. Mihayo akainua bunduki, akatia jicho kwenye darubini. Darubini ile ya kuonyesha kibuyu ng'ambo ya mbuga, mnadhani ilimwonyesha nini? Manyoya. Manyoya meusi yamejaa kioo kizima, hajui hili ni bega au ni tako. Akafyatua hivyo hivyo. Risasi ikagonga shina la pembe, ikaruka. Mbogo hakupunguza hata mguu.

Lugata nyuma yake ameshaishusha bunduki begani, ameshalenga. "Niite."

Mihayo kimya. Anahangaika kuingiza risasi nyingine.

"Niite, Mihayo."

Mihayo kimya. Midomo imebana. Kigoda kile, jamani.

"Niite, mshenzi wewe, niite."

Kimya.

Ndipo Ng'washi akapaza sauti: "Lugata!"

Hata kiziwi angejua ile si sauti ya Mihayo. Lugata alijua. Akafyatua. Bunduki ikampiga teke, akaenda chali. Mbogo akaporomoka kama ukuta wa udongo, kidevu chake kikatua juu ya mguu wa Mihayo, kikauvunja.

Siku hiyo Isengwa ilioga. Wachunaji wakamfungua mnyama mbele ya watu wote. Wakakuta risasi nyembamba imetoboa mapafu yote mawili, kifua kimejaa damu. Mbogo yule alikuwa maiti inayotembea, angeanguka tu. Wakakuta risasi nene imevunja mfupa wa shingo. Ndiyo iliyomwangusha pale alipoanguka, na si hatua moja mbele.

Wakaenda kwa Kalunde. Mihayo akabebwa.

Mihayo akasema: "Damu ya kwanza ni yangu, na risasi iliyoua ni yangu, mmeiona wenyewe. Sikumwita mtu. Huyu amepiga bila kuitwa, ni mwizi. Bunduki ni yangu."

Lugata akasema: "Yako ingemuua, sawa, ila baada ya yeye kukuua wewe. Uliuza roho yako na ya mkeo kwa ajili ya kigoda. Mimi nilisikia jina langu nikapiga. Bunduki ni yangu."

"Ulijua si mimi niliyeita."

"Nilijua. Na wewe ulijua unakufa, ukanyamaza. Tuache kuulizana."

Ng'washi akasema: "Nani aliwaambia bunduki zote mbili ziende? Nani aliziona nyayo zimepinda? Nani aliita? Hawa wawili walibeba vyuma, mimi nilibeba akili. Bunduki nipeni mimi."

Mihayo akamgeukia. "Umeniuza, mama Sitta. Umempa mwanamume mwingine mnyama wangu, na haki ya kuita hukuwa nayo."

"Sikuwa nayo. Asubuhi nilikuwa na mume. Sasa nina mume anayelalamika. Nimeridhika."

Watu wakacheka. Kalunde hakucheka. Alikuwa anaitazama ile bunduki mapajani mwake. Akauliza swali moja tu: "Masanja naye alikwenda na mtu nyuma yake siku ile. Lugata, alikuita?"

Lugata akainamisha kichwa. "Hakuniita, mama. Nami niliishika sheria."

Kalunde akasimama, bunduki mikononi. Mbele yake mikono mitatu imenyooshwa: wa aliyeua na hakuita, wa aliyepiga na hakuitwa na mwenzake, wa aliyeita na hakuwa na haki.

Mimi nimemwacha hapo hapo, amesimama, na bunduki ni nzito. Haya, nyie mnaojua kila kitu: je, angeiweka kwenye mkono wa nani?